Shangazi Alitoa Mkono

Tumbili hatazamwi machoni. Ukimkodolea, kwake ni sawa na kumtukania mama yake mbele za watu. Mimi nililijua hilo kabla ya wenye shahada kulisoma, maana mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkazia macho dume mmoja wa chumba cha kwanza, naye akanijibu kwa kunirushia kinyesi kutoka hatua kumi na nane, kikanipata mdomoni katikati ya neno. Neno lile sikulimalizia mpaka mwaka uliofuata. Mke wangu husema hatua zilikuwa nane. Sijui kazipima lini, hakuwepo.

Kazini waliniita Mzee Chumvi, na wala sikukataa. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtunza wanyama kwenye maabara ya utafiti: kulisha, kuosha, kuhesabu, kuosha tena. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma karatasi zilizotupwa kwenye pipa la ofisini, nikizikunjua moja moja wakati wa mapumziko, ndiyo maana kuna magonjwa nayajua mwanzo na mwisho lakini katikati sina habari nayo.

Enzi zile kuchukua damu kulikuwa vita. Kila kizimba kilikuwa na ukuta wa nyuma unaovutika. Mmoja wetu anavuta vishikio viwili, ukuta unakuja mbele, tumbili anabanwa kwenye nondo kama nguo kwenye sanduku lililojaa. Wa pili anakamata mguu. Wa tatu anadunga. Yule mmoja akipiga kelele, ishirini na moja waliobaki wanapokea, na wote wanaharisha kwa hofu, halafu mwenye kuosha ni nani? Ni mimi. Kila Jumanne. Wakisikia tu gurudumu la toroli ya sindano koridoni, wanaanza kupanda juu ndani ya vizimba vyao na kukumbatia kona.

Ndipo akaja Daktari mpya. Mwanamke mfupi, mabuti ya mpira yamemzidi namba mbili, akitembea utadhani anavuka mto. Jumanne yake ya kwanza alisimama mlangoni akatutazama tukipigana na tumbili mmoja wa kilo nne, sisi watu wazima watatu. Tulipomaliza akainua kile kichupa cha damu.

"Mzee, hii ni damu ya nini?"

"Ya tumbili, Daktari."

"Hapana, hii ni ya hofu. Nikipima damu ya mtu anayekimbizwa na mbwa, nimempima mbwa. Mtu mwenyewe sijampima."

Nikamwambia mbwa naye ana haki ya kupimwa. Akacheka. Tangu siku ile tukaelewana.

Akatuletea mtindo mwingine. Hakuna kubana tena. Mnyama afundishwe atoe mkono mwenyewe, kwa hiari yake, na akikataa aachwe. Hatua ya kwanza ni kumzoesha: ukae karibu naye, usifanye kitu, usimtazame. Nikapewa ndoo, nikaipindua, nikakaa. Wiki mbili nzima nilitafuna karanga na kuangalia ukuta.

"Leo umefanya nini?" mke wangu akauliza.

"Nimekaa kwenye ndoo."

"Na jana?"

"Ndoo."

"Huko hawaajiri wanawake?"

Hatua ya pili ilikuwa kidude cha bati kinacholia *tik* ukikibonyeza. Tik, halafu zabibu kavu. Tik, zabibu. Mnyama akishajua kwamba tik maana yake amefanya vizuri, unaweza kumfundisha lolote: kugusa kijiti, kukaa mbele, kupitisha mkono kwenye tundu na kushika bomba lililofungwa nje ya kizimba. Halafu unamgusa mkono kwa kidole. Halafu kwa kalamu. Halafu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila hatua siku kadhaa. Mwishoni, sindano yenyewe.

Na kulikuwa na sheria moja Daktari aliyoirudia mpaka tukaiota: watu wawili. Kila hatua anayofundisha mtu wa kwanza, lazima mtu wa pili airudie na mnyama yuleyule kabla ya kwenda mbele. "Nataka azoee watu," alisema, "asimzoee mtu." Fomu ilikuwa na safu mbili za saini, mkufunzi wa kwanza na mkufunzi wa pili.

Mkufunzi wa kwanza chumba cha tatu nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Mama Funguo, mwenzangu wa miaka mingi, aliyebeba funguo za jengo zima kiunoni na akipita ukadhani ng'ombe amefungwa kengele.

Na mnyama alikuwa Shangazi.

Kwenye karatasi alikuwa namba arobaini na saba. Jina nilimpa mimi kwa sababu ya namna alivyokaa: mikono tumboni, kidevu juu, akitukagua kama shangazi aliyefika harusini akakuta mambo yameshapangwa bila yeye. Ukimwekea chakula alikigeuza kwanza, upande huu, upande ule, ndipo akala kwa kukufanyia hisani. Wenzake walichukua miezi mitano kutoa mkono. Shangazi alitoa katika wiki ya nane. Nilikuwa sijamwita hata. Nimekaa zangu kwenye ndoo nachambua karanga, nikaona mkono mweusi mwembamba umetoka kwenye tundu, umeshika bomba, na mwenyewe kageuza uso pembeni, kama anasema: haya basi, fanyeni upesi, nina shughuli.

Nilibonyeza kile kidude mara saba kwa kuchanganyikiwa. Akanidai zabibu saba.

Baada ya hapo, Daktari akaanza kuleta wageni. Watu wenye tai na daftari, wanasimama nyuma ya kioo cha mlango, na mimi, wa darasa la saba, nikiwa ndani na Shangazi. Namdunga, hatikisiki. Namaliza, anapokea zabibu yake, halafu anaanza kunichambua vinyweleo vya kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia, akitafuta chawa ambao naapa sikuwa nao. Homoni ya wasiwasi kwenye damu yake ilishuka mpaka Daktari akadhani mashine imeharibika. Mgeni mmoja aliniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia: kwa bibi yake Shangazi, alikuwa profesa. Akaandika!

Mtu akisifiwa hivyo uzeeni, hataki kugawana. Huo ndio ukweli wenyewe, sina kingine cha kuupamba.

Mama Funguo alikuwa akija na ndoo yake.

"Mzee Chumvi, leo zamu yangu na Shangazi."

"Mwache leo. Kaamka vibaya."

"Umejuaje alivyoamka?"

"Kaniambia."

"Kakwambiaje?"

"Kasema hataki kuona mwanamke mwingine karibu na mumewe."

Mama Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. "Haya, baki na bibi yako. Mimi nina vyumba vinne vya kuosha. Lete fomu." Akatia saini. Kesho yake tena. Kwa wale wengine nilimwachia zamu yake bila maneno, maana walikuwa wazito wa kujifunza na hakuna mgeni aliyekuja kuwaona. Kwa Shangazi, wiki kumi na nne za saini za Mama Funguo, na Mama Funguo hakuwahi hata siku moja kukaa mbele yake akamaliza karanga tano.

Mwaka ukapita hivyo, na nusu ya pili.

Asubuhi moja Daktari alituita ofisini, akafunga mlango. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili, kwa hiyo mimi nilisimama.

"Utafiti unafungwa mwisho wa mwezi ujao," akasema.

Tulijua maana yake. Utafiti ukifungwa, wanyama hulazwa kwa sindano ya usingizi, halafu ya pili, halafu viungo vyao hupimwa. Ndivyo ilivyoandikwa tangu siku ya kwanza. Nimewaaga wengi kwa miaka thelathini, na nilikuwa nimejifundisha kutazama mabuti yangu.

"Ila nimepigania watatu," Daktari akaendelea. "Kuna makao ya wanyama waliostaafu. Msitu una uzio, kuna bwawa, kuna tumbili wenzao hamsini. Wamekubali kupokea watatu. Sharti lao moja tu: awe anatoa mkono kwa mtu yeyote. Kule hawana kizimba cha kubana, hawataki, na kila miezi mitatu lazima wachukue damu. Mkaguzi wao atakuja baada ya wiki tatu, ajaribu kila mmoja mwenyewe."

"Shangazi yumo?" nikauliza.

"Shangazi ndiye wa kwanza. Fomu yake ndiyo safi kuliko zote."

Mama Funguo aliangalia sakafu. Mimi nikafungua mdomo niseme. Naapa nilitaka kusema. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Daktari, huyo akifika huko ndani ya wiki atakuwa anawapangia wenzake zamu za kuogelea."

Daktari akacheka, akafuta macho, akasema, "Asante, Mzee. Bila wewe tusingefika hapa."

Nyumbani nilimsimulia mke wangu habari ya bwawa. Nilipomaliza kusimulia, bwawa lilikuwa ziwa, na Shangazi alikuwa na mti wake binafsi wenye kibaraza.

"Kwa hiyo mke mwenzangu anajengewa," akasema mke wangu, "na mimi bati la jikoni linavuja mwaka wa tatu." Lakini alikuwa amefurahi. Alimpenda Shangazi bila kumwona. Alikuwa akinifungia maganda ya maboga kwenye mfuko nimpelekee, nami nikiyala njiani, maana chakula cha nje hakiruhusiwi na sikutaka kumvunja moyo.

Kesho yake tulianza kukimbizana na siku. Mama Funguo aliketi kwenye ndoo mbele ya Shangazi, na Shangazi akapanda kona ya juu, akapiga ukelele ambao sikuwa nimeusikia tangu enzi za ukuta. Akaharisha. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya nane alishuka. Siku ya kumi na mbili alichukua zabibu mkononi mwa Mama Funguo kwa kunyakua na kukimbia. Lakini mkono hakutoa, na jambo hili halina njia ya mkato, ukilivuta linarudi nyuma.

"Nikipata mwezi mmoja nitampata," Mama Funguo akasema. Tulikuwa tunaosha mabuti kwenye beseni la dawa koridoni. "Twende kwa Daktari. Tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba tulisaini uongo?"

"Si tulisaini?"

"Na wewe utafukuzwa. Una watoto watatu shuleni."

Alisugua buti lake. Alikuwa na watoto watatu kweli, na mimi niliwatumia kama mtu anavyotumia pazia. Aliyekuwa anaogopa ni mimi. Niliogopa Daktari asije akaniangalia kama mzee mwongo wa kawaida.

"Niachie," nikamwambia. "Nina ujanja."

"Mzee Chumvi, ujanja wako ndio umetufikisha hapa."

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Ndani ya chumba kile wote tulivaa koti la bluu, kofia, barakoa, na kinga ya plastiki usoni. Ukimtoa mtu sauti na harufu, sote tulikuwa mtu mmoja. Nilivaa koti langu siku tisa bila kulifua. Mke wangu alinitaka nilale kibarazani. Siku ya ukaguzi nililivua, nikalitundika kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo, na mkaguzi alipofika nikampa.

Alikuwa bwana mrefu, mpole, wa kunyoosha mikono polepole kama anayeokota yai. Akanusa koti, akasita.

"Ndilo koti la chumba cha tatu," nikamwambia. "Utaratibu wetu. Wanyama wamelizoea."

"Utaratibu mzuri," akasema, akalivaa.

"Jambo moja lingine. Usiseme neno ukiwa ndani. Kohoa mara moja ukikaa, basi. Sauti huwasumbua."

"Sawa, mzee wangu."

Nikamfundisha kukohoa kwangu. Alikohoa vizuri kabisa, angeweza kunirithi.

Tulisimama nyuma ya kioo, Daktari, Mama Funguo na mimi. Mkaguzi alianza na wale wawili wengine: Karani, dume aliyekuwa akipanga maganda ya karanga mistari, na Mlinzi, asiyelala mchana. Hao walifundishwa kihalali, na watu wawili. Karani alitoa mkono. Mlinzi alisita, akatoa. Damu ikapatikana. Daktari akanishika bega.

Kisha Mkaguzi akahamishia ndoo kwa Shangazi. Akakaa. Akakohoa.

Shangazi alishuka kutoka juu. Alimzunguka kwa macho, akanusa hewa, akajivuta mbele. Mkono ukatoka kwenye tundu, ukashika bomba, uso ukageuka pembeni. Mama Funguo aliyekuwa kando yangu alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya koti lake. Mimi moyoni nilikuwa nishapiga magoti. Nikasema, njia ya mwongo ni fupi, lakini leo imefika.

Mkaguzi akaushika mkono ule, taratibu, akapapasa mshipa. Na kwa sababu alikuwa mtu mwema, kwa sababu pengine hajawahi katika maisha yake kumshika mnyama bila kumwambia neno jema, akainama akasema, "Vizuri, mama. Vizuri sana."

Shangazi aligeuza uso.

Sijawahi kuona mnyama akishtuka vile, na nimeona mengi. Kwenye nondo zile alikuwa amempa mtu wake mkono, na mtu wake ametoka na sauti ya mwingine. Hakuuvuta mkono kwanza. Alimwangalia kwanza, ndani ya plastiki, macho kwa macho. Halafu akauma. Akapitisha meno kwenye glavu mbili mpaka mfupa wa kidole, na akaendelea kuuma huku akilia yeye mwenyewe.

Mkaguzi alifungwa kidole ofisini kwa Daktari. Glavu imelowa damu, yeye katulia tu.

"Sielewi," akasema. "Alitoa mkono vizuri kabisa. Angekataa tu, ningerudi baada ya wiki mbili. Kanuni zetu zinaruhusu kukataa mara tatu, na huwa tunangoja. Wengi hukataa mara ya kwanza. Lakini akimuuma mkaguzi, kanuni ni moja. Hatumchukui."

Mara tatu. Wiki sita. Mama Funguo alikuwa ameomba mwezi mmoja.

Niliwaambia yote, palepale, nimesimama. Saini, zamu, koti, kikohozi. Nilipomaliza, Mkaguzi alivua lile koti polepole kwa mkono mmoja, akaliweka juu ya meza, akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia koridoni akiomba. Aliomba sana kuliko nilivyostahili. Aliporudi alitikisa kichwa tu.

Daktari hakunifokea. Heri angenifokea.

"Mzee," akasema, "karatasi za watu wengine wote nilizikagua mara mbili. Zako sikuzikagua. Unajua kwa nini?"

Nilijua.

Jioni ile mke wangu alinipokea mlangoni. "Enhe, mke mwenzangu anasemaje? Kahama lini?"

"Kauma mtu," nikasema.

Alingoja niendelee. Kawaida yangu hapo ndipo mtu anayeumwa anageuka jenerali na kidole kinaokotwa na paka. Sikuendelea. Mke wangu akaweka sufuria chini, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, na chakula kikapoa tukiwa hapo.

Wiki ya mwisho walianza na chumba cha kwanza, wakaja cha pili. Wanyama kumi na tisa, na wote walitoa mkono, na kwa kila mmoja kulikuwa na watu wawili wa kuchagua, nani akae naye na nani atoke nje ya jengo asisikie. Hilo nalo lilikuwa faida ya watu wawili, mimi sikuwahi kulifikiria. Akabaki Shangazi.

Daktari alinikuta stoo nikihesabu magunia ambayo nilishayahesabu.

"Kuna njia mbili," akasema. "Tunaweza kufungua kizimba cha zamani. Watu watatu, ukuta, dakika mbili. Au atoe mkono. Lakini atautoa kwako tu. Sikulazimishi, Mzee. Hata kidogo."

"Ukuta bado unavutika?"

"Nimeujaribu asubuhi. Unavutika."

Nilifikiria Shangazi akisikia vile vishikio. Miaka miwili hakuwa amevisikia.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Nilioga kwanza. Nikavaa koti safi. Daktari alinipa bomba la sindano ya usingizi, akabaki nyuma ya mlango, maana ya pili angedunga yeye Shangazi akishalala. Nikaketi kwenye ndoo. Sikukohoa, kikohozi chenyewe kilikuwa kimeniacha tangu siku ile. Nikavua kinga ya uso na barakoa, jambo lililokatazwa, nikageuza uso pembeni kama tulivyofundishwa.

Nilikuwa na imani ndogo, na naona aibu kuisema: nilitumaini atakataa. Tangu siku ya koti alikuwa hashuki hata kwangu kwa urahisi. Akikataa, mkono hautatoka, na mimi nitakuwa sikumfanyia.

Alikaa juu muda mrefu. Karani na Mlinzi, vizimba vya jirani, walikuwa wanatafuna. Kisha nikasikia kucha zake kwenye nondo, moja moja. Akaja mbele. Alininusa, akanisikiliza, akaniangalia wapi sijui. Mkono ukatoka kwenye tundu, ukashika bomba.

Nikadunga. Hakutikisika. Nikabonyeza, tik, nikampa zabibu, na alipoitafuna nikampa nyingine, na nyingine, mpaka mfuko ukaisha. Akaanza kunichambua kifundo cha mkono kama kawaida yake, kwa bidii, kama mtu mwenye kiporo cha kazi.

Dawa ile huanza miguuni. Aliyumba kidogo, akashika nondo. Akaangalia miguu yake, akaigeuza, upande huu, upande ule, kama alivyokuwa akigeuza chakula. Alijua kuna jambo haliko sawa. Nikaona anatafuta la kufanya. Halafu akafanya kile tulichomfundisha kuwa kikifanywa mambo huwa sawa: bila kuitwa, bila mtu kugusa kijiti, akautoa mkono tena. Akaushikilia pale, kwenye bomba, uso pembeni, akingoja.

Sikuwa na sindano nyingine. Sikuwa na zabibu. Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikabonyeza kile kidude, tik, ili ajue kwamba amefanya vizuri. Nikabonyeza tena. Niliendelea kubonyeza mpaka vidole vyake vikaachia bomba vyenyewe, kimoja baada ya kingine, na Daktari akaja nyuma yangu akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Basi, Mzee. Basi."

Alhamisi gari la makao lilikuja kuwachukua Karani na Mlinzi. Dereva alikuwa mtu mchangamfu, shati limefunguka kifungo cha tumbo, akashusha vizimba vya safari akipiga mluzi. Vilikuwa vitatu. Kila kimoja kilitandikwa majani makavu na chupa ya maji imefungwa pembeni.

"Wa tatu yuko wapi?" akaniuliza. "Nimeambiwa watatu."

"Ni wawili."

"Karatasi inasema watatu. Au kajificha? Hawa ndio zao." Akainama, akachungulia chini ya toroli, akaanza kuita kwa midomo kama anayeita paka.

"Hakujificha," nikamwambia. "Amekufa. Kosa langu mimi."

Akasimama wima. Akanitazama, na nadhani aliona kitu kilichomzuia kuuliza. Akavua kofia, akaipiga kwenye paja, akaivaa tena.

"Pole, mzee," akasema. "Sasa hiki tukifanyeje? Nikikiacha watanidai."

"Rudi nacho."

Tukawapandisha Karani na Mlinzi, mmoja kila upande. Kisha tukainua cha tatu, yeye mbele mimi nyuma, na kilikuwa chepesi mpaka tulitaka kuanguka nacho. Tukakiweka katikati. Dereva akasema si lazima kukifunga, hakina kitu. Nikamwomba kamba. Nikakifunga kama vile vingine, kwenye pembe zote nne, nikavuta kila fundo kuhakikisha.